Sarafu, Daraja na Kumbukumbu: Je, Tuzipeleke Sarafu za Kale Kupimwa?



Swali ninalolileta mbele yenu jioni hii halikuzaliwa maktabani. Lilizaliwa katika kikao cha mirathi. Marehemu mama yangu aliacha kijaluba cha shaba, ambacho naye alikirithi kwa mama yake. Ndani yake mlikuwa na reale moja ya fedha iliyotobolewa ili ivaliwe mkufuni, pesa saba za shaba, na rupia moja ya dhahabu yenye picha ya tembo. Mpwa wangu alipendekeza zote zipelekwe Marekani kupimwa daraja, kisha ziuzwe na kila mrithi apewe haki yake. Dada yangu alikataa katakata. Alisema kwamba vitu vya marehemu havipewi alama kama mtihani wa shule. Mimi, kwa kuwa huitwa mtu wa vitabu, niliombwa niamue.

Kabla ya kuamua, ilinipasa kwanza kuelewa hilo daraja ni kitu gani. Mwaka 1949 Mmarekani aitwaye William Sheldon alichapisha kitabu juu ya senti kubwa za kale za nchi yake, na humo akapendekeza kipimo cha kuanzia 1 hadi 70. Sarafu iliyochakaa hata ikatambulika kwa shida ilipewa 1. Ile isiyo na dosari yoyote ilipewa 70. Katika miaka ya 1980 kipimo hicho kiligeuzwa kuwa kazi ya makampuni. PCGS ilianza kupokea sarafu mwaka 1986, na NGC ikafuata mwaka 1987. Mwenye sarafu huipeleka na kulipa ada, wataalamu huichunguza kama ni halisi, hupatana juu ya daraja lake, kisha huifungia ndani ya kasha gumu la plastiki lenye kikaratasi cha maelezo. Daraja la 60 na kuendelea ni la sarafu ambazo hazikupata kutumika sokoni. Sarafu iliyosuguliwa, iliyotobolewa au iliyotiwa kishikio kwa kawaida hainyimwi uthibitisho wa uhalisi, lakini hunyimwa namba. Huandikiwa kasoro yake.

Naomba tulitazame jambo hili kwa makini. Kipimo hiki, kwa asili yake, hupima umbali wa sarafu kutoka siku ilipotoka kiwandani. Kadiri ilivyofanya kazi kidogo, ndivyo inavyopanda daraja. Sarafu iliyokaa miaka mia moja bila kununua hata kibaba cha mchele ndiyo bora. Kwa mfanyabiashara wa sarafu hilo ni sawa, maana upya ni adimu na adimu ni ghali. Kwa mwanahistoria na mwanaisimu, kazi iliyofanywa na sarafu ndiyo habari yenyewe.

Tuchukue hiyo reale. Ina sura ya Maria Theresa, mtawala wa Austria, na mwaka 1780, ambao ndio aliofariki. Lakini mwaka huo hautuambii sarafu iligongwa lini, kwa sababu viwanda vya Ulaya viliendelea kuigonga kwa tarehe ileile katika karne ya kumi na tisa na ya ishirini, kwa ajili ya masoko ya Bahari ya Shamu, Uhabeshi na pwani yetu. Zimegongwa kwa mamilioni. Kulipa ada ya kupima reale ya kawaida ya aina hiyo, pamoja na gharama ya kuisafirisha kwenda na kurudi, huenda kukazidi bei ya sarafu yenyewe. Na hii ya kwetu imetobolewa. Kikaratasi kingesema imeharibika. Lakini tundu lile ndilo linalotuambia kwamba fedha ya biashara ya kimataifa iligeuka pambo la mwanamke wa pwani, akiba anayotembea nayo shingoni.

Pesa saba za shaba ni za Sayyid Barghash, za mwaka 1299 Hijria, yaani 1882. Upande mmoja zina picha ya mizani. Neno lenyewe, pesa, limetoka Bara Hindi, ambako paisa ilikuwa sehemu ya 64 ya rupia. Hapa kwetu jina la sarafu ndogo kabisa lilipanuka maana hadi likawa jina la mali yote ya kununulia. Halikukoma hapo. Mwaka 2007 lilipewa huduma ya simu nchini Kenya, M-Pesa, ambamo hamna shaba wala fedha ya kushikika. Neno hela lina historia kama hiyo. Mwaka 1904 serikali ya Wajerumani iliacha hesabu ya pesa 64 na kuigawa rupia kuwa Heller 100. Ulimi wa Mswahili uliondoa mwisho mgumu, ukatia irabu, na baada ya utawala huo kuondoka neno likabaki likiwa na maana ya fedha kwa jumla. Na thumni je? Ni senti hamsini, nusu ya shilingi, lakini kwa Kiarabu maana yake ni sehemu ya nane. Sehemu ya nane ya nini? Hesabu inatuelekeza kwenye reale. Ilihesabiwa kwa takriban rupia mbili. Rupia iligeuzwa florini mwaka 1920, na florini ilikuwa shilingi mbili. Reale basi ni shilingi nne, na thumni yake ni senti hamsini. Reale iliondoka sokoni, lakini mgawanyo wake ulibaki vinywani mwa watu.

Mtaniuliza: haya yote yanahusianaje na kasha la plastiki? Yanahusiana hivi. Habari zenye thamani kubwa kuhusu sarafu mara nyingi haziko juu ya sarafu. Mwaka 1944 askari wa Australia aitwaye Isenberg aliokota sarafu chache katika mchanga wa kisiwa kimoja cha Wessel, kaskazini mwa nchi hiyo. Tano kati yake zilikuja kutambuliwa kuwa za shaba za Kilwa, zile ambazo masultani wake walizigonga kwa maandishi ya Kiarabu yenye vina, jina la mtawala upande mmoja na tamko la kumtegemea Mwenyezi Mungu upande wa pili. Kwa kipimo cha Sheldon zingepata namba ya chini. Kilichozifanya zizungumzwe na wanazuoni ni mahali zilipookotwa, na ramani ambayo mwokotaji alitia alama ya mahali hapo. Bila ramani ile zingekuwa vipande vitano vya shaba.

Hata hivyo, nisiwe mwenye kuegemea upande mmoja. Iko hali ambamo kupima ni jambo la busara, na ile rupia ya dhahabu ni mfano wake. Mwaka 1916 koloni la Wajerumani lilikuwa limezingirwa na sarafu zimeadimika. Katika karakana ya reli mjini Tabora ziligongwa sarafu za dharura: heller 5 na 20 za shaba na shaba nyeupe, na sarafu ya dhahabu ya rupia 15, yenye tembo mbele ya mlima. Za dhahabu ziligongwa zaidi kidogo ya 16,000 tu, kisha Wabelgiji wakauteka mji mwezi Septemba. Kwa kuwa ni adimu na zinatafutwa, zimeghushiwa pia. Sonara wa mtaani aliipima yetu akakuta inakaribia gramu 7.2, kama inavyotakiwa. Lakini uzito ni ushahidi tu. Hukumu inahitaji zaidi. Anayeinunua hatatuamini kwa kuwa sisi ni watu wema, na warithi hawawezi kugawana kwa haki kitu ambacho bei yake inategemea shaka.

Kwa hiyo ushauri wangu una masharti. Ipeleke sarafu kupimwa ikiwa uhalisi wake una shaka yenye uzito, ikiwa unakusudia kweli kuiuza, na ikiwa tofauti ya bei itazidi ada, bima na usafiri. Usiipeleke ikiwa ni ya kawaida, au ikiwa unachotaka kuhifadhi ni habari ya waliyoitumia. Usiisafishe kamwe. Mpwa wangu, kwa nia njema, alikwisha kuisugua pesa moja kwa ndimu na majivu kabla sijamzuia. Sasa inang'aa, na rangi yake ya karne moja na zaidi haitarudi. Kwa sarafu za kale kama za Kilwa, kumbuka kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na havitolewi nje ya nchi bila kibali. Na kabla sarafu yoyote haijaondoka mkononi mwako, andika uzito wake, ipige picha pande zote pamoja na ukingo, na uandike ilikotoka, nani aliitunza, na aliiita kwa jina gani. Ikishafungiwa haitawekwa tena kwenye mizani bila kuvunja kasha, na kikaratasi cha kampuni hakina nafasi ya jina la bibi yako.

Hivyo ndivyo tulivyoamua. Rupia ya Tabora itapelekwa, na bei yake itagawiwa kwa mujibu wa sheria ya mirathi. Reale na pesa saba, pamoja na ile iliyosuguliwa, zitabaki kwa dada yangu. Yeye ndiye aliyeketi nami siku mbili akinitajia kila alichosikia kwa mama juu ya kila moja, nami nikaandika. Karatasi hizo tatu zimekunjwa na kuwekwa ndani ya kijaluba kilekile.