Mabadiliko ya Uongozi wa Kisiasa na Ari ya Watumishi wa Umma: Yanayobadilika, Yasiyobadilika na Haki za Mtumishi

Uongozi mpya unapoingia madarakani, macho ya wananchi huelekea kwa mawaziri, wakuu wa mikoa na watendaji wengine walioteuliwa. Kundi kubwa zaidi lisilotajwa katika taarifa za uteuzi ni la walimu, wauguzi, maofisa kilimo, wahasibu, makatibu muhtasi na madereva ambao asubuhi ya siku inayofuata huripoti kazini kama kawaida. Kwao, mabadiliko hayo yana swali moja la msingi: je, mshahara, cheo, kituo cha kazi na mafao ya kustaafu vitabaki kama vilivyokuwa?

Makala haya yanaeleza namna mabadiliko ya uongozi wa kisiasa yanavyogusa kuridhika kwa mtumishi na kazi yake, kwa kuangalia uzoefu wa Tanzania Bara tangu mwaka 2015, na kuainisha kinga ambazo sheria inampa mtumishi.

Maana ya kuridhika na kazi

Kuridhika na kazi ni hali ya mtumishi kuona kuwa kazi anayoifanya inalingana na matarajio yake ya haki, heshima na maendeleo. Mwanasaikolojia wa Marekani, Frederick Herzberg, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1959, alitenganisha makundi mawili ya mambo yanayogusa hali hiyo. Kundi la kwanza ni mshahara, usalama wa ajira, mazingira ya kazi na uhusiano na msimamizi. Mambo haya yakikosekana huleta manung'uniko, lakini yakiwapo pekee hayatoshi kumpa mtu ari. Kundi la pili ni mafanikio, kutambuliwa, kupewa wajibu na kupanda cheo, ambayo ndiyo hujenga ari yenyewe.

Mgawanyo huo unasaidia kueleza kwa nini kubadilika kwa uongozi huwagusa sana watumishi wa umma. Katika kampuni binafsi, mwajiri anaweza kubadilika bila mshahara wala cheo kuguswa. Serikalini, bajeti ya mishahara, vibali vya ajira na vya kupandisha vyeo, muundo wa wizara na hata lugha inayotumiwa kuwazungumzia watumishi hadharani vyote hutokana na maamuzi ya uongozi wa juu. Kwa hiyo uamuzi mmoja unaweza kugusa makundi yote mawili kwa wakati mmoja.

Nani hubadilika kisheria, na nani habadiliki

Ibara ya 36 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inampa Rais mamlaka ya kuanzisha na kufuta nafasi za madaraka na kuteua watu wa kushika nafasi za juu katika utumishi wa umma. Makatibu wakuu, wakuu wa mikoa na wilaya na wakurugenzi wa halmashauri ni miongoni mwa wanaoshika nafasi kwa uteuzi. Kwao, kubadilishwa ni sehemu ya masharti ya nafasi yenyewe.

Mtumishi wa kawaida hayumo katika kundi hilo. Ajira yake inasimamiwa na Sheria ya Utumishi wa Umma, Sura ya 298, iliyotungwa mwaka 2002, pamoja na kanuni zake. Hawezi kufukuzwa kwa sababu ya kuingia kwa waziri mpya. Ni lazima kuwe na kosa, hati ya mashtaka, nafasi ya kujitetea na uamuzi wa mamlaka ya nidhamu.

Hata hivyo, kinga ya ajira na utulivu wa moyo ni mambo mawili tofauti. Mkurugenzi wa halmashauri anapobadilishwa, maofisa walio chini yake huanza upya kujenga imani. Mipango iliyokubaliwa inaweza kusimama, na mtumishi aliyeaminiwa na kiongozi aliyeondoka anaweza kutazamwa kwa shaka ingawa kazi yake haijapungua ubora. Hapo ndipo kumbukumbu za utendaji zilizoandikwa zinapokuwa na thamani kubwa kuliko sifa za mdomo.

Uzoefu wa 2015 hadi 2021: uhakiki na kusubiri

Hayati Rais John Pombe Magufuli aliapishwa tarehe 5 Novemba 2015 akiwa na kaulimbiu ya "Hapa Kazi Tu". Hatua za mwanzo zililenga nidhamu ya kazi na kupunguza matumizi. Viongozi kadhaa walisimamishwa hadharani, jambo ambalo wananchi waliliita "kutumbua majipu". Mwaka 2016 ulifanyika uhakiki uliobaini zaidi ya watumishi hewa 10,000 katika orodha ya mishahara. Tarehe 28 Aprili 2017, mjini Dodoma, Rais alikabidhiwa taarifa ya uhakiki wa vyeti iliyoonesha watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi.

Kwa mwananchi aliyezoea kuzungushwa ofisini, hatua hizi zilileta matumaini. Hata watumishi waadilifu wengi waliona haki ikitendeka, kwa kuwa aliyesoma kwa jasho alikuwa akigombania nafasi na mwenye cheti cha kughushi. Nidhamu ya kuwahi kazini na kuhudumia wateja ilizungumzwa kila ofisi.

Upande wa pili ni kwamba, wakati uhakiki ukiendelea, ajira mpya na upandishaji wa vyeo vilisitishwa. Mtumishi mwenye vyeti halali, aliyetimiza muda na sifa za kupanda daraja, alisubiri pamoja na wengine wote. Wapo waliokwisha kupokea barua za kupandishwa, kisha mabadiliko hayo yakasitishwa kabla ya kuonekana katika mshahara. Nyongeza za mishahara zilizotarajiwa kila Mei Mosi hazikutolewa, na Serikali ilieleza kuwa kipaumbele cha fedha ni miradi mikubwa ya maendeleo. Kwa mtazamo wa Herzberg, mtumishi huyo aliguswa pande mbili: kipato chake hakikukua, na hakutambuliwa kwa kazi aliyoifanya.

Suala la watumishi wenye elimu ya darasa la saba linaonesha umuhimu wa kusahihisha makosa. Uhakiki uliwaondoa kazini baadhi ya watumishi wasio na cheti cha kidato cha nne, wakiwamo walioajiriwa kihalali kabla ya sifa hiyo kuwa sharti. Mwaka 2018 Serikali ilielekeza kuwa walioajiriwa kabla ya tarehe 20 Mei 2004, na ambao hawakuwa wamedanganya kuhusu elimu yao, warejeshwe kazini. Uamuzi huo uliwarejeshea watu riziki, na pia uliwapa watumishi wengine ujumbe kuwa utaratibu wa kusikilizwa upo na unafanya kazi.

Tangu 2021: kurejesha stahiki na somo la matarajio

Rais Samia Suluhu Hassan aliapishwa tarehe 19 Machi 2021. Katika Mei Mosi ya mwaka huo, mjini Mwanza, alitangaza kupunguza kiwango cha chini cha kodi ya mapato ya mfanyakazi kutoka asilimia 9 hadi 8 na kufuta tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mikopo ya elimu ya juu. Upandishaji wa madaraja ulirejea. Baadaye ukafuata utaratibu ambao watumishi wanaujua kwa jina la "mserereko", unaomwezesha aliyecheleweshwa kufikishwa katika daraja ambalo angekuwa nalo. Mwaka 2023 ilitangazwa kurejeshwa kwa nyongeza ya mwaka ya mshahara.

Mei 2022 kiliidhinishwa ongezeko la asilimia 23.3 katika kima cha chini cha mshahara kwa watumishi wa umma. Tangazo hilo lina funzo la kipekee. Watumishi wengi walilisikia kana kwamba kila mshahara ungepanda kwa asilimia hiyo. Mishahara ya Julai ilipotoka, wale wa ngazi za kati na za juu walikuta nyongeza ndogo kuliko walivyotarajia, na furaha ikageuka kuwa malalamiko. Ongezeko lilikuwa la kweli na lilimgusa zaidi aliyekuwa chini kabisa, kama lilivyokusudiwa. Kilichopungua ni ufafanuzi wa mapema kuhusu nani angepata nini.

Kuridhika hupimwa kwa umbali kati ya kinachotarajiwa na kinachopatikana. Kwa hiyo tangazo la stahiki likitolewa bila jedwali la viwango huweza kushusha ari ambayo fedha zenyewe zilikusudiwa kuipandisha. Ilipotangazwa Mei Mosi ya 2025 mjini Singida kuwa kima cha chini kingepanda kwa asilimia 35.1, kiwango kilitajwa pia kwa shilingi: kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai mwaka huo. Kutaja kiasi cha fedha hupunguza nafasi ya kubahatisha.

Mafao: mahali ambapo miaka ya kusubiri huonekana

Athari ya muda mrefu zaidi ya mabadiliko ya sera iko katika kustaafu. Mwaka 2018 mifuko ya PSPF, PPF, LAPF na GEPF iliunganishwa kuwa PSSSF kwa ajili ya watumishi wa umma. Mwaka huohuo zilitolewa kanuni zilizoweka malipo ya mkupuo kuwa asilimia 25 kwa wote, ilhali baadhi walikuwa wakitarajia asilimia 50. Desemba 2018 Rais Magufuli aliagiza kikokotoo cha awali kiendelee kutumika. Kuanzia Julai 2022 kiwango kikawa asilimia 33, na mwaka 2024 Serikali ikatangaza kukipandisha hadi asilimia 40 kwa wale waliokuwa wakistahili asilimia 50 hapo awali.

Mtumishi aliyekuwa na umri wa miaka 54 mwaka 2018 alishuhudia kikokotoo chake kikibadilishwa mara kadhaa kabla ya kufikisha miaka 60. Aidha, kwa kuwa pensheni hukokotolewa kutokana na wastani wa mishahara mizuri ya miaka ya mwisho ya utumishi, daraja lililochelewa karibu na kustaafu halipunguzi mshahara wa mwezi pekee, bali hupunguza pia kipato cha uzeeni. Ndiyo sababu suala la madaraja na lile la kikokotoo huzungumzwa kwa uchungu uleule.

Nchi nyingine zilivyolishughulikia

Marekani, katika karne ya 19, chama kilichoshinda uchaguzi kiligawa kazi za serikali kwa wafuasi wake. Mwaka 1881 Rais James Garfield alipigwa risasi na mtu aliyekosa nafasi aliyoitaka, na mwaka 1883 ikatungwa Sheria ya Pendleton iliyoanza kuweka ajira kwa mitihani na sifa. Uingereza ilikuwa imepokea mapendekezo ya aina hiyo mwaka 1854 kupitia taarifa ya Northcote na Trevelyan.

Jirani zetu wa Kenya waliweka kinga hiyo ndani ya Katiba ya mwaka 2010. Ibara ya 236 inakataza mtumishi wa umma kuonewa kwa sababu ya kutekeleza kazi zake kwa mujibu wa Katiba, na inakataza kumfukuza au kumshusha cheo bila kufuata utaratibu wa sheria. Fikra iliyo nyuma ya mifano yote ni moja: kiongozi huchaguliwa kwa muda, lakini huduma kwa mwananchi haina muda wa kuisha.

Haki na wajibu wa mtumishi wakati wa mabadiliko

Mtumishi anayeona ameathirika anashauriwa kuzingatia mambo yafuatayo:

1. Kutunza barua za ajira, kuthibitishwa kazini, kupandishwa cheo na kuhamishwa, pamoja na nakala za vyeti. Katika kila uhakiki, aliyekuwa na nyaraka kamili alishughulikiwa kwa haraka zaidi.

2. Kujaza kwa wakati taarifa za utendaji. Kuanzia mwaka wa fedha 2023/24, mfumo wa kidijitali wa PEPMIS ulichukua nafasi ya fomu za OPRAS. Kumbukumbu hizo hubaki hata msimamizi akibadilika.

3. Kukata rufaa. Asiyeridhika na uamuzi wa mamlaka ya nidhamu anaweza kukata rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma, na asiporidhika na uamuzi wa Tume, kwa Rais. Kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2016, mtumishi wa umma anatakiwa kumaliza hatua hizi kabla ya kutumia njia za sheria za kazi. Muda wa kukata rufaa una ukomo, hivyo kuchelewa kunaweza kumnyima haki mwenye hoja nzuri.

4. Kutofungamana na upande wa kisiasa katika utoaji wa huduma. Mtumishi anayejulikana kwa kazi yake huvuka mabadiliko kwa urahisi kuliko anayejulikana kwa ukaribu wake na kiongozi.

Viongozi wapya nao wana sehemu yao. Kukutana mapema na watumishi, kutoa maelekezo kwa maandishi, kuendeleza mipango iliyokwisha kuidhinishwa na kuepuka kumfedhehesha mtumishi kabla ya kusikilizwa ni hatua zisizohitaji bajeti.

Kwa nini jambo hili linamhusu mwananchi

Mwalimu aliyesubiri daraja kwa miaka mitano ndiye anayemfundisha mtoto wa mkulima kusoma. Muuguzi asiyejua mafao yake yatakuwaje ndiye anayepokea wajawazito usiku wa manane. Ari yao inaposhuka, wa kwanza kuiona si mamlaka ya uteuzi, bali ni mwananchi aliye kwenye foleni. Kwa sababu hiyo, kulinda stahiki za mtumishi katika kipindi cha mabadiliko ya uongozi ni sehemu ya kulinda huduma yenyewe, na kumdai mtumishi uwajibikaji ni haki ya mwananchi katika awamu yoyote ya uongozi.