Moyo Ulioamini, Kinywa Kilichokiri

Mtume Paulo, akiwaandikia Warumi, aliunganisha imani ya moyoni na ungamo la kinywani. Mjini Roma humo, yapata mwaka 355, mwalimu mashuhuri Marius Victorinus alimwambia Padre Simplicianus kwa siri kwamba amekwisha kuwa Mkristo, kwani aliwaogopa rafiki zake wapagani. Padre hakusadiki mpaka amwone kanisani.

Mtakatifu Augustino atusimulia kwamba hatimaye Victorinus aliogopa zaidi kukanwa na Kristo. Mapadre wakamruhusu kuitamka Kanuni ya Imani faraghani. Akakataa, akaitamka hadharani, waamini wakashangilia. Mwaka 362 Kaisari Julianus alipowakataza Wakristo kufundisha, akaiacha shule, imani asiiache.

Nasi huitamka Kanuni kila Jumapili. Je, Jumatatu, mbele ya wanaotucheka, vinywa vyetu hukiri yaliyomo mioyoni?