Kikapu cha Pasaka: Watoto wa Poland Kutoka Theluji Hadi Masika ya Meru

Mwaka 1943 Pasaka iliangukia tarehe 25 Aprili, siku ya mwisho kabisa ambayo kalenda ya Kanisa la Magharibi inaweza kuifikisha. Kwenye miteremko ya Mlima Meru mwezi huo ni wa masika: migomba imenawiri, mitaro imejaa, na njia za udongo huteleza. Hapo Tengeru, kilometa chache mashariki ya mji wa Arusha, maelfu ya wanawake na watoto kutoka Poland waliifikia Pasaka yao ya kwanza katika ardhi ya Afrika. Kwa wengi wa watoto hao, Pasaka ya mwisho yenye amani ilikuwa ile ya tarehe 9 Aprili 1939.

Habari za wakimbizi hawa zimeandikwa zaidi kwa upande wa vita, mikataba na majenerali. Mimi nataka kuzitazama kwa upande wa watoto na sikukuu yao. Pasaka ya Wapoland ni sikukuu ambayo kazi zake nyingi zilikuwa mikononi mwa watoto, na naamini ndiyo sababu iliweza kusafiri umbali ule wote wakati baba hayupo, kanisa halipo, na nyumba imekwisha kuchukuliwa na wengine.

Inabidi tuanze na kuku. Katikati ya majira ya baridi, mchana wa Poland una urefu wa saa nane hivi tu. Kuku hutaga kwa kufuata mwanga, na kijijini, kabla ya taa za umeme, walikuwa wakiacha kutaga giza lilipozidi, kisha wakaanza tena Februari na Machi siku zinaporefuka. Basi mayai yalirudi kwa wingi katika Kwaresima, wakati ambao mila ilikataza nyama na mafuta, na katika nyumba zenye msimamo mkali hata maziwa na mayai. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ililegeza masharti, lakini vijijini bibi ndiye aliyekuwa sheria. Mayai yalilundikana kapuni siku baada ya siku. Mtoto aliyaona, akayahesabu, na hakuyaonja.

Machipuko ya mapema, ambayo picha za kadi huyachora kwa maua na jua, yalikuwa pia majira ya njaa. Viazi na kabichi za kuchachusha zilizowekwa tangu mavuno zilikuwa zinaelekea kwisha, na nafaka mpya ilikuwa bado nyasi fupi shambani. Msomaji aliyekulia kwenye kilimo hahitaji kuelezwa miezi ya namna hiyo. Familia ilikula supu chachu ya unga uliochachushwa, na samaki wa chumvi, wiki baada ya wiki. Kwaresima ilipokaribia ukingoni, vijana walikizika chungu cha supu hiyo kwa vifijo na kumtundika samaki mtini, kumwadhibu kwa kuwatawala tumboni muda wote huo. Katika mchezo huo naona uchovu wa kweli wa watu waliongoja chakula.

Watoto walikuwa na mchezo wao mwingine wa kuufukuza msimu. Walitengeneza mwanasesere wa mabua aitwaye Marzanna, sura ya baridi na kifo, wakamvika nguo za kike, wakamtembeza kijijini kisha wakamchoma au kumtosa mtoni. Kanisa halikuupenda mchezo huo; sinodi ya Poznań ya mwaka 1420 iliukataza. Haukukatika. Leo watoto wa shule bado humtosa Marzanna kila tarehe 21 Machi, na walimu ndio wanaowaongoza.

Jumapili ya Matawi nayo ilikuwa na tatizo lake, kwa kuwa mitende haioti katika nchi ya theluji. Wapoland walikata matawi ya mti wa kando ya mito ambao ndio wa kwanza kuamka, unaotoa vichipukizi laini vyenye manyoya ya kijivu kama vidole vya paka. Katika eneo la Vilnius, ambalo kati ya vita viwili vya dunia lilikuwa ndani ya Poland, wanawake walisuka matawi marefu ya maua makavu na nyasi zilizotiwa rangi. Baada ya misa, mtoto alipewa kichipukizi kimoja kilichobarikiwa akimeze, ili koo lisimuume mwaka mzima. Ndugu wakapigana kidogo kwa matawi yale wakitakiana afya.

Kuanzia Alhamisi Kuu kengele za kanisa zilinyamaza, na sauti ya kijiji ikawa ya watoto wa kiume waliokimbia huku na huko wakigonganisha vibao vya mbao. Nyumbani mayai yalichemshwa kwa maganda ya vitunguu hadi yakawa mekundu ya kahawia, au yalichorwa kwa nta ya nyuki kabla ya kutiwa rangi, ili mchoro ubaki mweupe nta itakapoyeyuka. Kazi hiyo ina umri mkubwa. Katika mji wa Opole wachimbaji wa mambo ya kale walipata yai lililopambwa la karne ya 10, karne ileile ambayo mtawala Mieszko wa Kwanza alibatizwa, mwaka 966. Mapokeo yanasema ubatizo huo ulikuwa Jumamosi Kuu.

Na Jumamosi Kuu ndiyo siku ya kikapu. Mama alitandika kitambaa cheupe kilichodariziwa, akapanga humo mayai, mkate, chumvi, soseji, kipande cha mzizi mkali unaowasha pua, na mwanakondoo mdogo aliyefinyangwa kwa siagi au sukari. Mtoto ndiye aliyekibeba kwenda kubarikiwa. Alisimama na wenzake, harufu ya soseji ikimpanda puani baada ya siku arobaini bila nyama, na hakuruhusiwa kugusa kitu mpaka asubuhi ya Jumapili, baada ya misa ya alfajiri. Hapo mezani yai moja lilikatwa vipande, kila mmoja akapewa chake na kutakiwa heri, kuanzia babu mpaka mtoto anayejifunza kutembea. Jumatatu ilikuwa ya kumwagiana maji. Wadogo walinyunyiza matone na kuzunguka nyumba za jirani wakiomba mayai. Vijana wakubwa walitumia ndoo. Upande wa magharibi wa nchi, uliopakana na Wajerumani, kulikuwa pia na sungura anayewafichia watoto zawadi bustanini, lakini huyo hakufika sana mashariki, na wengi wa waliokuja kuishi Tengeru walitoka mashariki.

Jeshi la Kisovieti liliingia mashariki ya Poland tarehe 17 Septemba 1939. Uhamisho wa kwanza wa nguvu ulifanyika usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 1940, katika baridi kali: familia za walowezi na walinzi wa misitu zilipewa muda mfupi wa kufungasha, zikapakiwa kwenye mabehewa ya mizigo kuelekea misitu ya kaskazini na Siberia. Pasaka ya mwaka huo ilikuwa mapema, tarehe 24 Machi. Siku 20 baadaye, tarehe 13 Aprili, likaja wimbi la pili, karibu wote wanawake, watoto na wazee, waliopelekwa Kazakhstan. Wengi kati yao walikuwa familia za maofisa waliotekwa, na katika majuma hayohayo maofisa hao walikuwa wakiuawa na Wasovieti katika msitu wa Katyn na kwingineko, karibu watu 22,000 kwa jumla pamoja na polisi na wafungwa wengine. Mama aliyekuwa akimfunga mwanawe shali ndani ya behewa hakujua kwamba ni mjane.

Ujerumani ilipoushambulia Muungano wa Kisovieti mwaka 1941, Stalin alikubali kuwaachia Wapoland, na jeshi likaundwa chini ya Jenerali Władysław Anders. Familia zilikusanyika kusini kulifuata. Kundi la kwanza lilivushwa Bahari ya Kaspi, kutoka Krasnovodsk hadi Pahlevi nchini Iran, kati ya tarehe 24 Machi na 5 Aprili 1942. Tarehe hiyo ya mwisho ilikuwa Jumapili ya Pasaka. Kwa jumla, pamoja na kundi la Agosti, walitoka zaidi ya watu 110,000, wanajeshi na raia, na watoto walikuwa maelfu. Ufukweni Pahlevi kulikuwa na chakula, na hicho kiliwaua wengine: matumbo yaliyokaa na njaa miaka miwili hayakuyaweza mafuta na nyama. Homa ya matumbo, kuhara na chawa vilimaliza wengine. Nikifikiria desturi ile ya kumzuia mtoto asiguse kikapu mpaka wakati wake, naona jinsi Kwaresima ya hiari na njaa ya kulazimishwa zisivyofanana hata kidogo. Ya kwanza ina siku inayojulikana ya kwisha, na mama ndiye anayeishikilia.

Kutoka Iran, raia walitawanywa India, Mexico, New Zealand na Afrika. Meli zilianza kuwashusha Tanga na Mombasa katika nusu ya pili ya mwaka 1942. Tanganyika iliwapokea Tengeru, Kidugala, Ifunda, Kondoa na Morogoro. Uganda iliwaweka Masindi na Koja. Kwa Afrika nzima walikuwa karibu 18,000 au zaidi kidogo, na Tengeru, yenye watu wapatao 5,000, ilikuwa makazi makubwa kuliko yote. Walikaa katika vibanda vya mviringo vilivyoezekwa nyasi, karibu na Ziwa Duluti. Wanaume wenye nguvu walikuwa vitani, hivyo kijiji kile kilikuwa cha akina mama, mapadri wachache, walimu na watoto. Kukawa na shule, hospitali, karakana, shamba na kanisa.

Hapo ndipo kalenda ya Pasaka ilipokutana na nchi isiyo na machipuko. Hakuna mti wenye vichipukizi vya manyoya kandokando ya mito ya Meru, lakini mikindu ipo, na Mkristo wa Afrika Mashariki huitumia Jumapili ya Matawi bila kutafuta mbadala. Karibu na ikweta urefu wa mchana haubadiliki sana, kwa hiyo kuku hawasubiri Machi ili watage, na yai halina tena ile hadhi ya kitu kilichorudi baada ya giza. Vitunguu vinapatikana, maganda yake yanatoa rangi ileile. Maji ya Jumatatu ya Pasaka hushuka yenyewe kutoka mawinguni. Ukitazama vizuri, masika yanaifaa sikukuu hii kuliko watu wanavyodhani: hapa pia ardhi iliyokauka hufunikwa kijani katika majuma machache, na mkulima hupanda akiwa na akiba ndogo ghalani.

Mwaka huo 1943 Pasaka ilikuja na habari nzito. Tarehe 13 Aprili Wajerumani walitangaza kwamba wamegundua makaburi ya Katyn, na usiku wa Pasaka kuamkia tarehe 26 Stalin alivunja uhusiano na serikali ya Poland iliyokuwa London. Wake wa maofisa waliokuwa wakingoja barua walikuwa wametawanyika kutoka Iran hadi Afrika.

Vita vilipokwisha, wengi hawakurudi. Nyumba zao zilikuwa sasa ndani ya mipaka ya Muungano wa Kisovieti. Mwaka 1949 padri Łucjan Królikowski aliwasindikiza yatima zaidi ya 100 kutoka Tengeru hadi Kanada, huku serikali mpya ya Warsaw ikidai warudishwe. Wengine walikwenda Uingereza na Australia, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 makazi yakafungwa.

Siwezi kuiacha Meru hapo. Novemba 1951, katika wilaya hiyohiyo, serikali ya kikoloni iliwaondoa kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili ardhi ipewe walowezi, na mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda kulipeleka shauri lao Umoja wa Mataifa, New York. Watoto wa Kipoland walipewa hifadhi katika nchi ambayo wenyeji wake hawakuwa na sauti juu ya ardhi yao, na watoto wa Kimeru nao wakaondolewa makwao. Historia ya Tengeru isiyotaja habari zote mbili haijakamilika.

Makaburi ya Wapoland yapo hadi leo, yapata 150, yamezungushiwa ukuta ndani ya eneo la chuo cha mifugo Tengeru. Nyabyeya, karibu na Masindi, kanisa walilolijenga bado linatumiwa na waumini wa Uganda. Lakini kumbukumbu za upande wetu zimekusanywa kidogo mno. Mtoto wa Kimeru aliyekuwa na miaka 6 Pasaka ile ya 1943, aliyewaona watoto wageni wakipita na vikapu vyao au aliyewauzia ndizi na mayai, leo amekaribia miaka 90. Wanafunzi wa historia, walimu wa Arumeru, na yeyote mwenye babu au bibi aliyeishi jirani na kambi hizo, Ifunda, Kidugala, Kondoa au Koja: waulizeni sasa, rekodini sauti zao, na mpeleke nakala kwenye makumbusho na maktaba za mikoa yenu.