Nembo ya Fundi na Ukweli wa Kazi: Chapa za Magitaa ya Mkono kama Ushahidi wa Kihistoria

Mtafiti anayepewa gitaa la zamani alichunguze huanza, karibu kila mara, kwa kutafuta jina. Hutazama kichwa cha gitaa, kisha humulika ndani ya tundu la sauti, akisaka kipande cha karatasi kilichobandikwa au herufi zilizochomwa kwenye ubao. Desturi hiyo ina sababu njema. Hata hivyo, imezaa kosa la kudumu katika uandishi wa historia ya ala hiyo, nalo ni kuisoma nembo kana kwamba ni cheti cha kuzaliwa. Mara nyingi nembo ilikuwa dai tu: dai la nani alistahili malipo, nani alistahili sifa na, wakati mwingine, nani angesahauliwa.

Katika warsha za Ulaya za karne ya 17 dai hilo lilitolewa kwa sauti ya chini. Antonio Stradivari wa Cremona, anayejulikana zaidi kwa fidla zake, alitengeneza pia magitaa machache. Lile liitwalo Sabionari ni la mwaka 1679. Katika gitaa lake la mwaka 1700, lililohifadhiwa katika makumbusho ya ala za muziki huko Vermillion, Dakota Kusini, jina lake, mji wake na mwaka vimeandikwa nyuma ya kichwa, upande ambao hadhira haiuoni. Maandishi ya namna hiyo yalimhusu mwenye gitaa, pamoja na fundi mwingine ambaye siku moja angelifungua kulitengeneza.

Mafundi wa Hispania waliendeleza staha hiyo. Antonio de Torres, aliyezaliwa Almería mwaka 1817 na kufariki mwaka 1892, hakuweka jina kichwani. Umbo la kichwa lenye matao matatu lilitosha kumtambulisha. Jina lilikaa kwenye lebo ya karatasi ndani ya tumbo la gitaa. Aliporejea katika ufundi mwaka 1875, baada ya kuuacha kwa miaka kadhaa, alianza kuandika kwenye lebo kwamba hicho ni kipindi chake cha pili, akaongeza na namba. Kwa sababu hiyo kazi zake za uzeeni zaweza kupangwa kwa mfuatano kwa urahisi kuliko zile za ujanani, ingawa ni za ujanani zilizompatia jina. Lakini karatasi hubanduka, na iliyobanduka huweza kubandikwa kwingine. Thamani ya Torres ilipopanda, lebo zake zilighushiwa, na wachunguzi makini walilazimika kurudi kwenye unene wa ubao na mpangilio wa mbavu zilizo chini yake.

Mfano ulio tajiri zaidi ni wa Christian Frederick Martin. Alizaliwa mwaka 1796 Markneukirchen, Saksonia, katika ukoo wa maseremala, akajifunza kutengeneza magitaa Vienna kwa Johann Georg Stauffer. Mji wake wa kuzaliwa ulikuwa umegawanyika: chama cha watengenezaji fidla kilidai kuwa gitaa ni haki yao peke yao, na kwamba maseremala hawakuwa na ruhusa ya kuligusa. Shauri hilo liliendelea kwa miaka, na maseremala walifanikiwa kuitetea kazi yao. Hata hivyo, mwaka 1833 Martin alihamia New York. Magitaa yake ya kwanza huko yalikuwa na kichwa cha kujipinda cha mtindo wa Stauffer, hivyo kwamba umbo lilimtaja mwalimu huku lebo ikimtaja mwanafunzi. Lebo zenyewe hazikutulia. Baadhi zinamtaja pamoja na Schatz, nyingine na Coupa, nyingine na Bruno, kwa kadiri ubia wa kibiashara ulivyobadilika.

Mwaka 1839 Martin alihamishia maisha na kazi yake Nazareth, Pennsylvania. Muhuri wake haukuhama. Kwa karibu miaka 60 magitaa yaliyochongwa Nazareth yaliendelea kupigwa chapa ya New York, kwa kuwa ndiko yalikouzwa na ndiko wakala wake alikokaa. Chapa ya Nazareth ilianza mwaka 1898, ukoo huo ulipoachana na wakala wa New York. Mwaka huohuo zilianza namba za mfululizo, nazo hazikuanzia 1 bali 8000, yakiwa makadirio ya idadi ya magitaa yaliyokwisha kutengenezwa. Mtafiti anayeiamini chapa ataihesabu New York kuwa kitovu cha ufundi huo kwa nusu karne iliyo ya kijiji cha Pennsylvania. Ni kosa linaloeleweka, kwa kuwa chapa hiyo haikughushiwa na yeyote. Ilikuwa halali, ikawekwa na mwenyewe, na bado haikueleza mahali pa kazi.

Hali ilikuwa ngumu zaidi pale ambapo jina la fundi liliondolewa kabisa. Mwanzoni mwa karne ya 20 maduka ya muziki, Ditson likiwa mfano mashuhuri, yaliagiza magitaa kutoka Nazareth yakiwa na muhuri wa duka. Gitaa kubwa la umbo la dreadnought, ambalo leo hutajwa kama alama ya Martin, lilitokea mara ya kwanza mwaka 1916 kwa jina la Ditson.

Nembo ilipohamia mbele ya kichwa, ilibadilika kuwa tangazo. Orville Gibson wa Kalamazoo, Michigan, alipamba baadhi ya ala zake kwa nyota na mwezi mwandamo wa njumu ya lulu. Kazi hiyo ingetambuliwa na mafundi wa Lamu waliotia pembe kwenye viti vya enzi: gamba la chaza hukatwa kwa msumeno mwembamba, ubao huchimbwa kwa umbo lilelile, gundi hujazwa, kisha hupigwa msasa. Nembo ya namna hiyo ni ngumu kuiondoa bila kuacha kovu, na kwa hiyo ina uzito wa ushahidi ambao karatasi haina. Miongo ya baadaye ilileta utando mwembamba wenye herufi, ulolowekwa majini, kutelezeshwa juu ya ubao na kufunikwa kwa vanishi. Ulikuwa rahisi na wa haraka. Martin aliutumia katika miaka ya 1930, ukijigamba kuwapo tangu 1833.

Wakati wa Vita Vikuu vya Pili kichwa cha magitaa ya Gibson kilibeba utepe wa dhahabu uliodai kuwa ni Gibson pekee inayofaa. Waliotengeneza mengi kati ya magitaa hayo walikuwa wanawake wa Kalamazoo, walioajiriwa wanaume walipokwenda vitani. Utepe haukuwataja. John Thomas ndiye aliyewatafuta, miongo 6 na zaidi baadaye, akianzia kwenye picha moja ya wafanyakazi waliosimama mbele ya kiwanda. Hoja yake kwamba kazi yao ilikuwa nyepesi na nadhifu kuliko ya waliowatangulia ni ngumu zaidi kuithibitisha, maana vita vilibadilisha pia vifaa; baadhi ya magitaa hayo hayana hata fimbo ya chuma shingoni. Kuwapo kwao, hata hivyo, hakuna shaka.

Huko Fullerton, California, mwanzoni mwa 1951, kampuni ya Fender ililalamikiwa na Gretsch, iliyokuwa na ngoma zenye jina la Broadkaster. Wafanyakazi walichukua mkasi, wakakata neno Broadcaster kwenye utando uliokwisha kuchapishwa, wakabandika jina la Fender peke yake hadi jina la Telecaster lilipopatikana mwaka huohuo. Watozaji wa leo hulipa fedha nyingi kwa pengo hilo, na pengo ni rahisi kuigiza. Ndiyo maana mchunguzi hufungua parafujo na kutazama kisigino cha shingo, mahali ambapo nembo haifiki. Hapo, katika magitaa mengi ya miaka ya 1950, hukuta tarehe kwa penseli na herufi mbili, TG, za Tadeo Gomez aliyeichonga shingo hiyo.