Nusu ya Ugonjwa Isiyofika Nairobi

Mgonjwa wa bipola aliye Oyugis, mji wa soko kwenye barabara ya Kisumu kwenda Kisii, anaweza leo kuonana na daktari wa akili aliye Nairobi bila kupanda matatu. Anachohitaji ni simu, bando na mahali patulivu pa kuketi. Huduma hii husifiwa kwa wepesi wake: nauli imebaki mfukoni, foleni imeepukwa, jirani hakujua. Sifa hizo ni za haki, ila naona zinapita kando ya jambo kubwa zaidi. Umbali kati ya Oyugis na daktari ulifanya zaidi ya kuchelewesha dawa. Kwa miongo mingi uliwaficha madaktari nusu nzima ya ugonjwa, nao wakaandika vitabu kana kwamba nusu hiyo haipo. Tiba ya mtandaoni inapaswa kupimwa kwa kipimo hicho: je, itaiona nusu iliyofichika, au itaficha ile nyingine?

Bipola ni ugonjwa wa vipindi. Anapopanda, mgonjwa halali siku tatu au nne mfululizo na hachoki. Maneno humtoka kwa kasi, hugawa mali, huanzisha biashara tano kwa wiki moja na kugombana na kila anayemkanya. Anaposhuka, haamki hadi jua la utosi, shamba linaota magugu, chakula hakipiti kooni, na pengine hutamani kufa. Katikati huweza kupita miezi au miaka akiwa mzima kabisa. Anayemwona siku moja tu hawezi kuujua ugonjwa wake. Mjerumani Emil Kraepelin, aliyeutenga na aina nyingine za wazimu katika toleo la mwaka 1899 la kitabu chake, alifaulu kwa sababu aliwawekea wagonjwa kadi na kufuatilia mwenendo wao kwa muda mrefu. Ufuatiliaji ndio mama wa utambuzi huu.

Sasa tuitazame njia ya mgonjwa wa Oyugis enzi za ukoloni. Eneo hili lilikuwa ndani ya wilaya ya Kavirondo Kusini, na boma lake lilijengwa Kisii mwaka 1907. Hospitali ya wagonjwa wa akili ilikuwa Nairobi. Ilifunguliwa mwaka 1910 katika majengo ya kuwatenga wagonjwa wa ndui, ikapewa jina la Mathari mwaka 1924. Kufika huko kulihitaji neno la chifu, amri ya bwana shauri na siku za kusubiri chini ya ulinzi, kisha meli kutoka gati la Kendu Bay hadi Kisumu, na gari moshi la kupanda milima hadi Nairobi. Nani angegharamiwa safari hiyo? Ni yule aliyechoma nyumba, aliyempiga mtu au aliyemtukana mkubwa. Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa huko Bukusu, alifungiwa Mathari katikati ya miaka ya 1940 baada ya kuwakera watawala. Mwanamke aliyejilaza kimya gizani, ameacha kula, hakumkera bwana shauri yeyote. Basi alibaki nyumbani.

Matokeo yake yaliandikwa vitabuni. J. C. Carothers alikabidhiwa Mathari mwaka 1938 bila kuwa amesomea tiba ya akili. Alihesabu waliokuwa wameletwa kwake, akakuta sonona, yaani ile hali ya kushuka, ni haba mno. Kitabu chake kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953 kilieleza uhaba huo kwa tabia ya Mwafrika mwenyewe, eti hana mazoea ya kujilaumu. Mtu anaweza kumtetea kwamba aliripoti alichokiona, na labda nyakati zile sonona ilikuwa nadra kweli. Utetezi huo ulivunjwa na waliotoka nje ya hospitali. Margaret Field, aliyekaa kwenye madhabahu ya waganga wa Ashanti nchini Ghana, alieleza mwaka 1960 jinsi wanawake wenye sonona walivyofika hapo wakijishtaki kuwa wachawi. Mwaka 1979 John Orley na John Wing walichapisha uchunguzi wao wa vijiji viwili vya Uganda, na humo sonona ilionekana zaidi kuliko katika mtaa wa London waliolinganisha nao. Kilichokuwa haba Mathari ni nafasi ya mtu mkimya kupelekwa huko. Nyumbani nako lugha ilisaidia kuficha. Waluo humwita mwenye wazimu janeko, na jina hilo humwangukia anayezurura akipiga kelele. Aliyeshuka husemwa ana parruok, fikra zinazomlemea, naye hupelekwa kwa ajuoga, yaani mganga, au kanisani, au huachwa apumzike. Si rahisi watu kutambua kwamba janeko wa mwezi wa tatu na mwenye parruok wa mwezi wa nane wana ugonjwa mmoja, hata kama ni mtu yuleyule.

Umbali ulipungua polepole. Madaktari warukao, walioanza mwaka 1957 na baadaye kujulikana kama AMREF, walizipa hospitali za mashambani redio za kuulizia ushauri Nairobi, na huo nauona ndio mwanzo wa tiba ya mbali katika nchi hii. Baada ya uhuru vitengo vya akili vilifunguliwa katika hospitali za mikoa. Hata hivyo, mwaka 2017 Mkaguzi Mkuu wa Serikali alikuta kwamba ni hospitali 29 tu kati ya 284 za ngazi ya nne kwenda juu zilizotoa huduma ya akili. Mwaka huohuo Sheria ya Afya iliitambua tiba ya kielektroniki kuwa njia halali ya kutibu, na korona ya mwaka 2020 ikaifanya kuwa jambo la kawaida.

Je, kioo cha simu kinaonyesha nini? Kinaonyesha mengi kuliko wapinzani wanavyodhani. Kasi ya maneno husikika. Uso uliozimika huonekana. Usingizi, ambao ndio dalili ya kwanza kuvurugika, huulizwa tu. Ila kuna hatari ambayo waliozindua huduma hizi hawaisemi vya kutosha. Anayepiga simu ni mgonjwa mwenyewe, naye hupiga akiwa ameshuka. Akiwa amepanda hajioni mgonjwa. Anajiona amepona kuliko watu wote, na daktari wa nini? Kwa hiyo kliniki ya simu huelekea kukosea upande wa pili: Mathari iliona kelele pekee, kioo kitaona ukimya pekee. Kosa hili lina madhara ya mwilini. Daktari aliyeiona sonona peke yake huweza kuandika dawa ya sonona peke yake, na dawa hiyo ikitumiwa bila ile ya kutuliza hisia huweza kumrusha mgonjwa wa bipola juu kwa ghafla.

Pingamizi zito zaidi ni la damu. Lithiamu, ambayo John Cade wa Australia alitangaza manufaa yake mwaka 1949 baada ya kuwapa wagonjwa 10 waliokuwa wamepanda, bado ni miongoni mwa dawa bora za ugonjwa huu. Lakini kiasi kinachotibu na kiasi kinachosumisha vinakaribiana sana. Damu hutolewa saa 12 baada ya kidonge cha mwisho, na figo na tezi ya shingo hupimwa kila baada ya miezi kadhaa. Hata chupa ya kuwekea damu ina neno: zipo ambazo dawa yake ya kuzuia damu kuganda yenyewe ni chumvi ya lithiamu, na mhudumu wa maabara akiichukua hiyo kwa kutojua, majibu yatapaa bure na daktari wa mbali atapunguza dawa iliyokuwa sawa. Tena hapa ni karibu na ziwa. Mtu akiharisha siku mbili katika joto, maji yakimtoka mwilini, lithiamu hujilimbikiza kwenye damu. Valproeti, inayopatikana kwa urahisi kwa sababu hutibu pia kifafa, ina hatari kubwa kwa mtoto aliye tumboni. Daktari wa kwenye kioo hawezi kushika sindano. Anayehitajika ni muuguzi na maabara ya Oyugis yenyewe.

Atakayesema kwamba haya ni makubwa mno kwa kaunti ya Homa Bay, ambamo Oyugis imo, akumbuke kwamba kaunti hii imeshafanya makubwa kuliko hayo. Mwaka 2001 Madaktari Wasio na Mipaka walianza kutoa dawa za kupunguza makali ya ukimwi bila malipo katika hospitali ya Homa Bay, wakati wengi walidai kwamba mwanakijiji hawezi kumeza vidonge kila siku kwa saa yake. Waliweza. Waliweza kwa kadi ya kila mgonjwa, kwa damu iliyopimwa, na kwa mtu wa kumfuata nyumbani aliyekosa tarehe yake. Tangu mwaka 2023 wahudumu wa afya ya jamii, zaidi ya 100,000 nchini, wanazunguka vijijini wakiwa na simu za kazi. Mhudumu kama huyo, au dada wa mgonjwa aliyepewa namba ya kliniki kwa ridhaa ya mgonjwa mwenyewe alipokuwa mzima, ndiye anayeweza kumwambia daktari wa Nairobi kile ambacho mgonjwa hatakisema: kwamba ni usiku wa tatu sasa taa ya nyumba ile haizimwi, na jana ameuza ng'ombe.

Ridhaa hiyo iandikwe mapema. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa nyeti, na katika nyumba ambamo watu wanne wanatumia simu moja, siri huvuja hata bila ubaya wa mtu. Kuhusu waganga na wachungaji, sioni faida ya kushindana nao. Wao huwaona wakimya miaka yote ambayo hospitali haiwaoni, na kadi ya mgonjwa ikiwa na safu ya kuandika alienda kuombewa lini na kwa sababu gani, daktari atasoma humo tarehe za kushuka ambazo hazimo katika daftari lolote la Mathari.