Sanduku la Mfalme Yoashi na Makanisa Yetu ya Zamani

Wazee walinena: Usipoziba ufa utajenga ukuta. Neno hili latuhusu sisi Wakristu wa Butembo na Beni, maana misioni zetu si changa tena. Mabati hula kutu, na mbao za paa huliwa na mchwa. Nani atatengeneza nyumba ya Mungu?

Kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 12, chatupa mfano. Mfalme Yoashi wa Yerusalemu aliwaagiza makuhani wapokee fedha za watu, watengeneze Hekalu. Lakini hata mwaka wa 23 wa kutawala kwake, nyufa zilikuwa vile vile. Basi mfalme aliikomesha njia ile. Kuhani Yehoyada akatwaa sanduku, akatoboa tundu katika kifuniko, akaliweka karibu na altare. Lilipojaa, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walizihesabu fedha pamoja, zikapewa maseremala na waashi. Tuangalie vema: kilichogeuzwa pale ni namna ya kuweka fedha na kuzihesabu. Ukarimu wa watu ulikuwako tangu mwanzo.

Sasa tuje kwetu. Mapadri Waasumsionisti walifika nchi hii mwaka 1929. Mwaka 1938 Beni ikawa Vikariati ya Kitume chini ya Askofu Henri Piérard, na mwaka 1959 ikawa jimbo. Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeliongoza tangu 1966 hata 1997, aliwahimiza Wakristu watengeneze barabara kwa mikono yao wenyewe. Tena mwaka 1989, Serikali ya Zaire ilipokuwa imedhoofika, Chuo Kikuu Katoliki cha Graben kilianzishwa Butembo, na wananchi pamoja na wafanya biashara walikichangia. Waliosimamisha chuo kikuu, je, watashindwa na paa la kanisa?

Lakini wengine husema: Vita vimetumaliza. Ni kweli. Tangu mwaka 2014 watu wengi wameuawa katika nchi ya Beni, na wengi wamekimbia vijiji vyao. Tarehe 27 Juni 2021 bomu lililipuka ndani ya kanisa la Emmanuel-Butsili mjini Beni, likajeruhi akina mama wawili. Je, ni haki kuomba franka za mabati, na mtoto wa mkimbizi analala njaa?

Swali hili lisidharauliwe. Mtakatifu Laurenti, shemasi wa Roma aliyeuawa mwaka 258, asimuliwa kwamba alipodaiwa hazina ya Kanisa aliwaonyesha maskini. Kwa hiyo yafaa masanduku yawe mawili, la kanisa na la maskini, wala fedha za moja zisiingie katika jingine. Toleo liwe la hiari. Mkimbizi asiandikiwe kiasi. Asiye na franka aweza kutoa siku moja ya kazi, au kubeba mawe na mchanga. Kila shirika lichague baba mmoja na mama mmoja wa kuhesabu, na siku ya Dominika isomwe mbele ya wote: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki.

Basi, ndugu zangu, tusianze kwa kuuliza kama watu watatoa. Watu wetu wametoa tangu zamani. Tuulize kwanza kama sanduku letu lina kufuli, na kama hesabu yake husomwa.

Tumsifu Yezu Kristu.