Mzazi, Usiku na Amri ya Serikali

Hofu ya mja mzito haikuanza na Korona. Tangu zamani mwanamke aingiapo mwezi wake hujua kuwa anakabili jambo ambalo hatima yake aijuaye ni Mwenyezi Mungu, na kwa ajili hiyo jamaa wa pwani walimzungushia watu: mkunga wa kumpokea mtoto, mama au shangazi wa kumkanda kwa maji ya moto na kumfunga mkaja, na majirani wa kupokezana kumpikia uji wa pilipili manga mpaka arubaini yake itimie. Dai langu ni kwamba shaka ya uzazi haiondolewi kwa habari peke yake, bali huchukulika akiwapo wa kuichukua pamoja na mwenyewe. Na kwamba amri nyingi za mwaka 2020, ijapokuwa zilitungwa kwa nia njema, ziliwaondoa kwanza hao watu, kisha zikampa mzazi matangazo.

Tarehe 27 Machi 2020 Serikali ya Kenya ilianza kuwazuia raia kutoka nje tangu saa moja ya usiku hadi saa kumi na moja ya alfajiri, na ingawa amri hiyo haikukusudiwa kumfungia mgonjwa mahututi, dereva wa teksi na kijana wa bodaboda, waliokwisha kuona kazi ya virungu vya polisi, hawakuwa tayari kupakia mtu usiku kwa kutegemea maelezo watakayoyatoa njiani. Dk. Jemimah Kariuki, tabibu wa uzazi mjini Nairobi, alipoona wazazi wanapungua wodini na wafikao wanafika katika hali mbaya zaidi, alishirikiana na wenzake kuanzisha huduma ya Wheels for Life: mwanamke alipopiga simu bure nambari 1195, daktari alimsikiliza, na ilipothibiti kuwa saa yake imewadia, gari la wagonjwa au teksi yenye ruhusa ilitumwa mlangoni. Virusi havikupungua kwa hilo hata chembe. Kilichopungua ni ile shaka iliyozalishwa na amri yenyewe, ambayo wataalamu wetu aghalabu huichanganya na shaka ya maradhi.

Wala isidhaniwe kuwa haya ni ya nchi maskini. Mwezi huo huo wa Machi baadhi ya hospitali za New York ziliwakataza waume na wasaidizi kuingia chumba cha kuzalia, hata Gavana Andrew Cuomo akalitangua katazo hilo tarehe 28. Uhaba wa barakoa ulikuwa hoja nzito, siidharau; kosa lilikuwa kumhesabu mwandani wa mzazi katika wageni, ilhali Shirika la Afya Duniani lilishikilia kuwa hata mzazi mwenye Korona apewe msindikizaji amtakaye.

Iliyobaki ni habari ya chanjo, nayo ndiyo inighadhibishayo zaidi. Majaribio makubwa ya mwanzo ya chanjo yaliwaacha waja wazito nje kwa kisingizio cha kuwahifadhi, na chanjo zilipoanza kutolewa Desemba 2020 wakatakiwa waamue wenyewe juu ya jambo ambalo ushahidi wake haukukusanywa kwa sababu wao walizuiliwa kushiriki. Hatari, kwa hiyo, haikuondolewa, ilihamishwa tu kutoka kwa mtafiti mwenye vipimo hadi kwa mwanamke aliyeketi kwenye benchi la kliniki na kadi yake mkononi. Kampuni ya Pfizer ilipoanza kuwajaribu Februari 2021, baadhi ya hao walioambiwa waamue walikuwa wamekwisha kuzaa.